Uhakiki wa Mitambo ya Majengo Makubwa kwa Njia ya Takwimu: Suala la Ufundi na Istilahi, kwa Kuzingatia Mji wa Bukavu

1. Utangulizi

Makala haya yanahusu kazi inayofanyika kati ya siku ambayo wajenzi wanakamilisha jengo kubwa la ofisi na siku ambayo wenye jengo wanalipokea. Katika kipindi hicho hapana budi swali moja lijibiwe: je, mitambo iliyofungwa ndani ya jengo inatenda kazi kama ilivyokusudiwa na waliolisanifu? Mitambo inayohusika ni pampu za maji, jenereta, betri, paneli za jua, lifti, taa, feni, vipoza hewa vya vyumba vya kompyuta na vifaa vya kuzimia moto. Kwa muda mrefu swali hilo limejibiwa kwa macho na masikio ya fundi. Katika miongo ya karibuni imezuka njia nyingine, nayo ni kuiacha mitambo yenyewe itoe ushahidi kwa takwimu zinazorekodiwa usiku na mchana, kisha kuzichanganua takwimu hizo kwa kompyuta.

Mji wa Bukavu, makao makuu ya Jimbo la Kivu Kusini, umechaguliwa kuwa mfano kwa sababu mbili. Kwanza, mwinuko wake na hali ya umeme wake huyafanya majaribio ya kawaida yasitoshe. Pili, katika mji huo mikataba ya ujenzi huandikwa kwa Kifaransa, mafundi huelekezana kwa Kiswahili, na wengi wao nyumbani huzungumza Kimashi. Kwa hiyo suala linaloonekana kuwa la wahandisi peke yao ni suala la wanalugha pia, kama itakavyoelezwa katika sehemu ya tano.

2. Maana ya kazi hii na tatizo la jina lake

Kiswahili kina maneno kadhaa yanayoikaribia dhana hii, lakini kila moja lina upungufu wake. Kuzindua ni tendo la hadhara, lenye wageni wa heshima na utepe wa kukatwa. Jengo laweza kuzinduliwa hali pampu zake hazijajaribiwa hata mara moja. Kukabidhi ni tendo la kisheria, yaani kuhamisha funguo na dhamana kutoka kwa mkandarasi hadi kwa mwenye mali. Kuwasha ni kutia moto au umeme tu, na chombo kinachowaka si lazima kiwe kinafanya kazi ipasavyo. Nacho Kifaransa cha Kongo hutenga hatua ya kutia mitambo kazini na hatua ya mapokezi, ambayo huwa ya muda kwanza, kisha ya kudumu. Hata hivyo, mapokezi hayo mara nyingi huwa ukaguzi wa kuona: mlango unafungika, taa inawaka, bomba linatoa maji.

Katika makala haya limetumiwa neno uhakiki. Wanafunzi wa fasihi wamelizoea, na maana waliyoizoea haiko mbali na maana inayotakiwa hapa. Mhakiki huitazama kazi iliyokamilika na kuipima kwa kusudio lake na kwa vigezo vinavyojulikana. Vivyo hivyo, mhakiki wa mitambo huanza na hati inayoeleza kusudio la mwenye jengo: maji yafike ghorofa ya juu kwa msukumo gani, jenereta ichukue mzigo baada ya sekunde ngapi, chumba cha kompyuta kisipite joto la kiasi gani. Kisha huonyesha, kwa ushahidi, pale ambapo utendaji umeafikiana na kusudio na pale ambapo umeachana nalo.

Umuhimu wa kazi hii hudhihirika zaidi sheria inapotazamwa. Sheria ya mikataba ya Kongo, ambayo chimbuko lake ni dekrii ya tarehe 30 Julai 1888, huwabebesha wasanifu na wajenzi dhamana ya miaka 10 endapo jengo litaharibika kwa kasoro ya ujenzi. Ukuta ukipasuka, kasoro inaonekana na mwenye mali ana pa kushika. Lakini pampu inayozunguka usiku kucha bila sababu haipasui ukuta wowote. Hula fedha kimyakimya, na ifikapo siku ya kugunduliwa, mkandarasi amekwisha kulipwa na kuondoka.

3. Jinsi takwimu zinavyotumika

Uhakiki wa kimapokeo huendeshwa kwa sampuli. Mkaguzi huchagua vifaa vichache kati ya vingi, hukijaribu kila kimoja kwa dakika kadhaa, kisha hutia sahihi. Njia hii ina faida ya kumfikisha mkaguzi mbele ya chombo chenyewe, lakini ina udhaifu mkubwa: hasara nyingi hazitokei saa nne asubuhi mbele ya wageni. Hutokea usiku wa manane, siku za mapumziko, au pale mitambo miwili inapopaswa kupokezana.

Njia ya takwimu hutumia vihisio vilivyokwisha kufungwa ndani ya jengo. Kila kihisio huandika thamani yake kwa vipindi vilivyopangwa, kwa kawaida kila baada ya dakika 15. Kwa kiwango hicho, nukta moja ya upimaji hutoa tarakimu 96 kwa siku. Jengo lenye nukta 2,000 litatoa tarakimu 192,000 kwa siku, na zaidi ya milioni 70 kwa mwaka. Hakuna jicho la binadamu liwezalo kuzipitia zote. Ndiyo sababu kompyuta hupewa kanuni za kuzichuja.

Kanuni hizo zaweza kugawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni la kimantiki. Mathalani: ikiwa ni usiku na hakuna mtu ndani, feni ya ofisi isizunguke, ikiwa vali imefungwa, maji yasipite, ikiwa umeme wa mji upo, jenereta isiwake. Kila kanuni inapovunjwa, kompyuta huweka alama ya saa na mahali. Kundi la pili ni la ulinganisho. Pampu mbili za aina moja zinazofanya kazi moja zitarajiwe kula umeme uliokaribiana. Moja ikizidi nyingine kwa nusu, sharti sababu itafutwe. Kundi la tatu ni la kitakwimu hasa: matumizi ya jengo hulinganishwa na yale yanayotabiriwa kutokana na joto la nje, siku ya juma na idadi ya watu waliomo. Tofauti inayojirudia ni dalili ya kasoro, hata kama bado haijulikani iko wapi.

Mfano wa kukadiria utasaidia. Tuseme pampu ya kilowati 7.5 ilikusudiwa kufanya kazi saa 12 kwa siku, lakini swichi ya tangi la juu imefungwa vibaya na pampu haizimiki. Saa 12 za ziada ni kilowati-saa 90 kila siku, yaani 32,850 kwa mwaka. Ikiwa umeme huo unatoka kwenye jenereta inayokula takriban lita 0.3 za dizeli kwa kila kilowati-saa, basi kosa la swichi moja linateketeza lita 27 za dizeli kwa siku. Mkaguzi aliyefika mchana ataiona pampu ikifanya kazi na atatia sahihi kwamba ni nzima. Mchoro wa saa 24 hauwezi kudanganywa hivyo.

Faida ya uhakiki kwa jumla imewahi kupimwa. Mwaka 2009 Maabara ya Taifa ya Lawrence Berkeley nchini Marekani ilichapisha uchunguzi wa majengo 643 yaliyokuwa yamehakikiwa. Humo ziligunduliwa kasoro zaidi ya 10,000. Akiba ya nishati, kwa kutazama thamani ya kati inayoigawa orodha katika nusu mbili, ilikuwa asilimia 16 kwa majengo yaliyokuwa yakitumika na asilimia 13 kwa majengo mapya. Na gharama ya kazi ilirudi baada ya miaka 1.1 kwa yale ya kwanza na miaka 4.2 kwa yale ya pili. Yafaa kutahadharisha kwamba majengo ya Marekani hutumia nishati nyingi kwa kupoza na kupasha joto hewa. Asilimia hizo haziwezi kuhamishiwa Bukavu kama zilivyo. Kinachohamishika ni fundisho lake: jengo jipya lililojengwa na mafundi hodari bado huwa na kasoro, na kasoro hizo hujulikana tu zikitafutwa.

4. Mazingira ya Bukavu

Bukavu umejengwa kwenye rasi na milima iliyo kando ya Ziwa Kivu, katika mwinuko wa takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mwinuko huu una matokeo mawili yanayopingana. Tokeo la kwanza ni jema: hali ya hewa ni ya wastani, na ofisi iliyosanifiwa vizuri haihitaji kupozwa kwa mashine. Ushahidi wa jambo hilo upo katika miji mingine ya nyanda za juu. Mjini Nairobi, ofisi za mashirika ya Umoja wa Mataifa yanayoshughulikia mazingira na makazi, zilizofunguliwa mwaka 2011 katika eneo la Gigiri kwa ajili ya wafanyakazi wapatao 1,200, zilijengwa zipitishe hewa kwa njia ya asili na kufunikwa kwa paneli za jua za takriban mita za mraba 6,000. Mjini Harare, jengo la Eastgate lililofunguliwa mwaka 1996 hutumia hewa baridi ya usiku kupoza zege, ili zege hilo lipoze ofisi mchana. Majengo ya namna hii hutegemea sana uhakiki. Mashine ya kupoza huweza kuficha makosa ya usanifu kwa kula umeme zaidi. Jengo linalotegemea upepo na saa za kufungua madirisha halina pa kuyaficha.

Tokeo la pili la mwinuko ni baya. Katika mita 1,500 mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 84 ya ule wa pwani. Feni itasukuma ujazo uleule wa hewa, lakini hewa yenyewe ni nyepesi na hubeba joto kidogo zaidi. Injini ya dizeli nayo hupata oksijeni pungufu, na isipokuwa imeundwa kwa ajili ya hali hiyo, hupoteza sehemu ya nguvu zake. Vyeti vya viwandani kwa kawaida huonyesha uwezo wa chombo katika mwinuko mdogo. Mkandarasi anayeonyesha cheti cha jenereta amesema kweli juu ya kiwanda. Hajasema neno juu ya Bukavu. Ni kipimo cha mahali penyewe tu kitakachoonyesha kama jenereta itabeba lifti, pampu na taa kwa pamoja.

Hoja ya umeme hukamilisha picha hii. Bukavu hupata umeme kutoka katika Mto Ruzizi, unaotoka ziwani papo hapo mjini. Kituo cha Ruzizi I kilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi II, ambacho ni mali ya pamoja ya Burundi, Rwanda na Kongo, kilikamilika mwaka 1989. Mji umekua mno tangu hapo, na ukatikaji wa umeme ni jambo la kawaida. Kwa hiyo jengo kubwa huishi kwa vyanzo vitatu au vinne: umeme wa mji, jenereta ambayo wengi huiita kwa Kifaransa groupe, paneli za jua na betri. Kasoro nyingi hujificha katika mpito kutoka chanzo kimoja hadi kingine. Je, umeme ukikatika, pampu ya kuzimia moto hupata nguvu kabla ya taa za mapambo? Umeme ukirudi, jenereta huzimika au huendelea kunguruma? Betri hujazwa kwa jua au kwa dizeli? Maswali haya hayajibiki kwa jaribio la dakika kumi. Hujibiwa kwa kumbukumbu za majuma kadhaa, zikihusisha msimu wa mvua, unaoanza karibu na Septemba, na kiangazi cha Juni hadi Agosti.

Wala si jambo geni kwa Bukavu kujifunza kwa takwimu habari zisizoonekana kwa macho. Mji huo upo katika ukanda wa matetemeko, na tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 liliacha majengo yenye nyufa. Katika mtaa wa Funu, ambako ardhi huteremka polepole, watafiti wa Jumba la Makumbusho la Afrika ya Kati la Tervuren, Ubelgiji, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu, walitumia picha za angani za miongo mingi pamoja na rada za setilaiti kupima mwendo huo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba kupanuka kwa mji kwenyewe kumebadilisha kasi ya mteremko. Tangi au bomba linalovuja katika mlima wa namna hiyo si hasara ya bili peke yake. Mita ya maji inayosomwa usiku, wakati ambapo hakuna anayetumia maji, ni chombo cha uhakiki na cha usalama kwa wakati mmoja.

5. Majina ya vifaa na takwimu zisizosomeka

Wataalamu wa fani hii hukubaliana kwamba sehemu ngumu ya kazi yao mara nyingi si hesabu, bali ni majina. Kompyuta haiwezi kulinganisha pampu mbili kama haijui kwamba zote ni pampu. Katika majengo mengi kila mkandarasi huvipa vihisio vyake vifupisho anavyovijua yeye. Mmoja ataandika herufi P na tarakimu, mwingine ataandika neno zima, wa tatu ataandika kwa lugha ya kiwanda. Kanuni ya mawasiliano ya vifaa vya majengo iitwayo BACnet, iliyotolewa mwaka 1995, iliwezesha mitambo ya viwanda mbalimbali kuzungumza. Lakini haikuifundisha kuelewana kwa majina. Ndiyo maana zikabuniwa orodha za istilahi za pamoja, kama vile Project Haystack na, kuanzia mwaka 2016, Brick.

Mjini Bukavu tatizo hili lina sura zake. Katika michoro ya Kifaransa kifupisho RDC humaanisha sakafu ya chini. Katika hati nyingine za jengo lilelile RDC ni jina la nchi. Ghorofa ya kwanza kwa Kifaransa ni ile iliyo juu ya sakafu ya chini, hali baadhi ya wasemaji wa Kiswahili huanza kuhesabu tangu chini. Kwa hiyo fundi akitumwa kurekebisha kihisio cha ghorofa ya pili, aweza kurekebisha kile kilicho kizima. Saa nazo huleta utata. Fundi anayeandika katika daftari kwamba pampu iliwaka saa mbili asubuhi anataja ile ambayo mtambo umeiandika 08:00. Aidha, Bukavu hufuata majira yanayotangulia yale ya Kinshasa kwa saa moja na kuchelewa kwa saa moja nyuma ya yale ya Nairobi. Kompyuta iliyopangwa kwa majira ya mji mwingine itaonyesha taa zikiwaka kabla ya watu kufika, na kasoro isiyokuwapo itatafutwa kwa bidii.

Hapa ndipo kazi ya taasisi za lugha inapohitajika. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa mwaka 1990 kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, na Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania limesanifisha istilahi za fani nyingi tangu lilipoundwa mwaka 1967. Istilahi za mitambo ya majengo hazijapata uangalizi kama huo. Baada ya Kongo kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, haja imeongezeka, kwani mkandarasi wa Nairobi na fundi wa Kadutu huenda wakakutana katika chumba kimoja cha mitambo. Orodha itakayofaa haiwezi kutungwa Dar es Salaam na kupelekwa Bukavu kama sheria. Neno robine, kwa mfano, limekwisha kukaa katika Kiswahili cha Kongo ambako wengine husema bomba la maji au mfereji. Jambo la msingi ni kwamba kila kifaa kiwe na jina moja katika takwimu, na kando yake yaorodheshwe majina yote ambayo watu hulitumia.

6. Mipaka ya njia hii

Haifai kuichukulia takwimu kuwa neno la mwisho. Kwanza, kihisio chenyewe chaweza kuwa na kasoro. Kilichofungwa juani kitatangaza joto lisilokuwamo chumbani. Kwa hiyo uhakiki wa vihisio hutangulia uhakiki wa mitambo. Pili, umeme ukikatika, kumbukumbu nazo hukatika, na programu nyingine hujaza pengo hilo kwa sifuri. Kimya si sifuri. Anayesahau tofauti hiyo ataandika kwamba jengo liliokoa nishati katika usiku ambao kwa kweli hakuna aliyelipima. Katika mji kama Bukavu kifaa cha kurekodi hakina budi kiwe na betri yake, na takwimu zihifadhiwe jengoni humo badala ya kutegemea intaneti peke yake.

Tatu, kuna suala la umiliki. Takwimu zikibaki katika kompyuta ya mkandarasi, ushahidi unashikwa na yule anayeshitakiwa. Mkataba hauna budi useme tangu mwanzo kwamba takwimu ni mali ya mwenye jengo, na kwamba malipo ya mwisho yatafuata matokeo ya uhakiki. Serikali nazo zina nafasi: nchini Kenya, kanuni za mwaka 2012 ziliagiza majengo na viwanda vinavyotumia kilowati-saa 180,000 au zaidi kwa mwaka vikaguliwe matumizi ya nishati angalau mara moja kila miaka mitatu.

Mwisho, uhakiki huhitaji amani. Bukavu ulipoingia mikononi mwa M23 mwezi Februari 2025, shughuli nyingi za benki na ofisi zilisimama. Jengo lisilo na watu halihakikiki, kwa kuwa mitambo hupimwa kwa kuwahudumia watu.

7. Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba uhakiki kwa njia ya takwimu hauondoi kazi ya fundi, bali humpa kumbukumbu ambazo macho yake peke yake yasingezipata. Yameonyesha pia kwamba katika Bukavu haja yake inatokana na mambo ya mahali penyewe: hewa nyepesi, umeme wa vyanzo vingi, ardhi isiyotulia na lugha zinazokutana. Vyuo vya mji huo vina idara za ufundi na za lugha. Hatua ya kwanza isiyo na gharama kubwa ni kwa wanafunzi wa pande hizo mbili kuingia pamoja katika chumba cha mitambo cha jengo moja, kuorodhesha kila kifaa kwa majina yake yote, na kusoma mita zake kwa msimu mmoja wa mvua. Orodha hiyo itakuwa chombo cha uhandisi na wakati huohuo sura ya kwanza ya faharasa ambayo Kiswahili bado hakinayo.